Vifuko Vitano vya Mchanga

Nyie vijana wa viti vya nyuma, mnaodhani kwamba kutoka mbele sizioni simu zenu wakati wa mahubiri, haya ni yenu. Mmeniomba mara tatu niwasimulie kazi niliyoifanya, na mara tatu nimewaambia mniache ninywe chai yangu. Wiki hii nimebadili mawazo, na wa kulaumiwa ni mjukuu wangu.

Neema wengi wenu mnamjua. Ameanza kazi kwenye hospitali moja hapa Birmingham, idara inayosafisha vyombo vya upasuaji. Mikasi, koleo na visu vinaoshwa, vinahesabiwa, vinapangwa kwenye sinia, vinafungwa, vinapitishwa kwenye mvuke, na aliyefunga sinia anaweka sahihi yake. Mimi mwenyewe niliifanya kazi hiyo miaka kumi na tatu nilipofika nchi hii, mpaka magoti yakagoma. Jumatatu tulikuwa jikoni kwetu Hodge Hill, Neema anakula wali mbiombio, akasema kazini palikuwa na haraka, basi akasaini sinia tatu bila kuhesabu.

"Bila kuhesabu?" nikamuuliza.

"Babu, relax. Aliyekuwa kabla yangu ali-count. It's literally the same tray."

Mama yake alichukua sahani yake akahamia sebuleni, maana ananijua. Mimi nilitaka kumwambia yote kwa pamoja, maneno yakagongana, nikabaki nimenyoosha kijiko. Sasa nimetulia, nina karatasi, na nitasema mpaka nimalize.

Mnajua nilikuwa jeshini Tanzania. Mnachofikiria ni bunduki. Wanangu, mimi nilipiga risasi za mazoezi tu, na nyingi zilikwenda zilikotaka zenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukunja kitambaa. Nilikuwa mfungaji wa parachuti, miaka ishirini na sita, na sijui kazi nyingine duniani inayomfanya mtu aende kazini akiwa na furaha na hofu kiasi kile. Mama Espérance wa kwaya aliposikia aliniambia, "Papa, wewe uliruka kweli? Miye ata ku ngazi ya nyumba niko naogopa." Niliruka, tena mara nyingi, na kila mara niliogopa kama yeye.

Kazi hiyo nilifundishwa na Warusi, enzi nchi yao bado inaitwa Umoja wa Kisovieti. Nilipelekwa mwaka mmoja na nusu kwenye brigedi yao moja ya mashambulizi ya angani, yaani askari wanaoshushwa kwa helikopta au kwa parachuti nyuma ya adui. Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, najua brigedi za namna hiyo leo zinafanya nini. Kwa daktari wangu huwa nakutana na mama mmoja wa Kiukraine, tunasalimiana vizuri, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumwambia nilisomea wapi. Naona haya. Siandiki kuisifu vita ya mtu. Naandika habari za vijana kumi na wawili na meza sita, nao walikuwa na umri kama wenu.

Mwalimu wetu aliitwa Stepan, sajenti mzee mwenye vidole vinene vilivyoweza kufungua fundo lolote. Tulimwita "Ndugu Stepan". Wao walikuwa na neno lao la "ndugu" na sisi nyumbani tulikuwa na letu, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, katikati ya theluji, nikiwa nimevaa makoti mawili, nilijisikia nimefika kwa watu. Stepan alikuwa na funguo mbili shingoni: moja ya ukumbi wa kufungia parachuti, nyingine ya chumba cha historia ya brigedi. Hakuona tofauti kati ya vyumba hivyo. Ulikuwa ukikosea kwenye meza, anakushika mkono anakupeleka kule kwenye picha.

Historia ya brigedi ile niliijua hivyo, kwa makosa yangu. Nilipochelewa kufika mstarini, Stepan alinionyesha picha ya siku brigedi ilipoanzishwa, watu wamepanga mstari mbele ya mahema, wengine hata kofia hawana. Akaniambia kila kamanda wa jeshi la kawaida aliagizwa atoe askari wake bora, na kila kamanda akatoa wale aliokuwa amewachoka: wagomvi, wachelewaji, na mpishi mmoja aliyeunguza kila kitu. "Hao ndio babu zetu," akasema, "na wewe umewarithi." Nilipolalamika kwamba bereti yangu inabana, akanionyesha picha za miaka ya kwanza, walipokuwa hawajaruhusiwa kuvaa bereti za bluu wala fulana za mistari za askari wa parachuti, wakavaa kama askari wa miguu wa kawaida, wakanung'unika miaka mingi mpaka wakapewa. Akaniuliza kama bado inanibana. Nikasema hapana, Ndugu Stepan, imelegea.

Mwanzoni hawakuwa hata na parachuti. Walibebwa na helikopta, wakashuka kwa miguu, basi. Parachuti zilikuja baadaye, na zilipokuja zikaleta kifo cha kwanza. Picha yake ilikuwa ukutani, kijana mwenye masikio makubwa, anacheka. Nilimuuliza Stepan alikufa vipi.

"Alikuwa mwenzangu wa meza," akasema. "Niliitikia vitano, na havikuwa vitano."

Hapo lazima niwaeleze kazi, na msikilize, maana hii mtaitumia popote mtakapoajiriwa. Kwa Warusi wale hapakuwa na fundi wa kukufungia. Kila mtu alifunga parachuti yake mwenyewe, wawili wawili kwenye meza ndefu: leo mimi nafunga wewe unanisaidia, kisha wewe unafunga nami nakusaidia. Unatandaza kitambaa, unapanga kamba zake ishirini na nane zisipishane, unakunja upande huu, unakunja upande ule. Kitambaa chenyewe ni chepesi na kinateleza, ukigeuka tu kimejifungua. Ndiyo maana kila meza ilikuwa na vifuko vitano vya mchanga, vidogo, unavilaza juu ya mikunjo ili itulie. Ukimaliza unaviondoa kimoja kimoja unapoingiza kitambaa mkobani. Kifuko kimoja kikisahaulika ndani, kinaweza kubana kamba au kitambaa, na parachuti isifunguke ipasavyo.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Kabla ya kufunga mkoba, mfungaji anaita kwa sauti, "Vitano," na mwenzake anavigusa kimoja kimoja, kisha anajibu, "Vitano." Halafu wote wawili wanasaini kwenye kijitabu cha parachuti hiyo. Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio uliotuponza.

Mwenzangu wa meza alikuwa Kolya, kijana mrefu mwekundu wa uso, mchekeshaji, mtoto wa pekee wa mama mjane. Tulipendana tangu siku aliponifundisha kutembea kwenye barafu na mimi nikamfundisha kula pilipili. Baada ya miezi sita tulikuwa tunafunga haraka kuliko meza zote. Na tukaanza ujinga. Lile "vitano" tukaligeuza wimbo. Mimi naimba kwa sauti nzito, Kolya anajibu kwa sauti nyembamba, meza za jirani wanacheka. Hakuna aliyekuwa akigusa kitu. Ni kama nyie mnavyosema "amina" mkiwa katikati ya kusoma ujumbe.

Ikafika sikukuu ya brigedi. Mngeona kambi siku hizo. Kila jiwe limepakwa chokaa, kila kitasa kinang'aa, majenerali wanakuja, na wazazi wamealikwa kuona watoto wao wakiruka. Kundi letu la watu kumi na wawili lilichaguliwa kufungua sherehe. Mama yake Kolya alisafiri kwa treni siku tatu. Kolya alikuwa anamaliza utumishi wake wiki mbili baadaye, na huo ulikuwa mruko wake wa mwisho. Usiku alikuwa haongei kingine: mama atakaa mstari gani, atamtambuaje angani, amwambie avae kitambaa chekundu ili yeye amwone.

Siku moja kabla ya sherehe tulifunga parachuti zetu mchana, kwa kelele na vicheko, tukaimba "vitano" yetu, tukasaini, Stepan akapiga lakiri, yaani muhuri wa kuonyesha mkoba haujafunguliwa.

Asubuhi ya sherehe nilipangiwa kurudisha vifuko kwenye sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao lenye vyumba vidogo thelathini, vitano kwa kila meza. Napiga mluzi, napanga. Meza ya kwanza sawa, ya pili sawa. Nikafika meza yetu. Vinne. Nikatafuta chini ya meza, mfukoni, nyuma ya jiko la mkaa. Nikapanga upya zote sita. Chumba kimoja kikabaki wazi, na kilikuwa chetu.

Nje bendi ilikuwa imeshaanza. Nilikimbia mpaka kwenye nyasi ambako wenzangu walikuwa wameshavaa parachuti mgongoni, nikamvuta Kolya pembeni.

"Kifuko kimoja hakipo," nikamwambia. "Kiko ndani ya parachuti yako au yangu."

Alinitazama, kisha akageuka kutazama majukwaa. Kitambaa chekundu kilikuwa kinaonekana kutoka pale tulipokuwa.

"Kuna mtu ameazima," akasema. "Au kimepasuka kikatupwa. Usiseme kitu, nakuomba. Mama yangu amesafiri siku tatu."

Wanangu, sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilisimama pale nikijiambia labda ni kweli kimetupwa. Nilikuwa mgeni, mweusi peke yangu katika brigedi nzima, na kama ningesimamisha sherehe yao mbele ya majenerali kwa kifuko cha mchanga, ningerudishwa nyumbani bila cheti, na baba yangu alishatangaza mtaa mzima. Nikahesabu tena kichwani, nikapata vinne vilevile. Nikaenda kwa Stepan.

Hakunifokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mlivigusa?"

"Hatukuvigusa. Tuliimba."

Uso wake ukabadilika, nikatamani afadhali angenipiga. Akatutoa mimi na Kolya mstarini, akakata lakiri, akazifungua parachuti zetu mbili pale pale kwenye nyasi, mkunjo kwa mkunjo, mbele ya kila mtu. Hamkuwa na kitu ndani. Zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko siku zote. Kolya akanitemea mate miguuni akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa kanisani.

Kamanda wa kikosi akaja anakimbia, saa mkononi. "Basi yamekwisha," akasema. "Hawa wawili wabaki, kumi wapande."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, pagumu kuliko mwanzo. Kwa sababu nilikuwa nimeona kitu wakati napanga sanduku. Meza tano nyingine zilikuwa na vitano vitano, hesabu kamili, na kila mtu aliona hesabu kamili ndiyo usalama. Lakini kama jirani aliazima kifuko chetu akabaki nacho mezani, angekuwa na sita. Hakuna aliyekuwa na sita. Basi kama aliazima, na anavyo vitano, kimoja kiko ndani ya mkoba. Meza yetu yenye kasoro ndiyo iliyokuwa salama, na kifo kilikuwa kwa mwenye hesabu nzuri.

Nilijaribu kuyasema hayo kwa Kirusi changu cha miezi sita. Sarufi ilivunjika vipande. Nilishika kokoto nikazipanga kwenye kiganja, nikaonyesha: tano, ongeza moja, sita, sasa moja iko wapi? Kamanda hakutaka kokoto. Alisema mgeni amechanganyikiwa. Vijana kumi wakanitazama kwa chuki, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake kwenye majukwaa.

Stepan alizitazama zile kokoto. Kisha akatembea, akasimama kati ya wale vijana kumi na helikopta.

"Zote," akasema. "Fungueni zote."

"Stepan, jenerali ameshakaa," kamanda akasema.

"Namwona alipokaa. Mimi niliwahi kumtuma mtu juu na neno la vitano. Simtumi wa pili."

Helikopta iliondoka na kundi jingine, sherehe ikaanza bila sisi. Tulisikia makofi ya watu tukiwa tumepiga magoti kwenye nyasi tunakata lakiri. Ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili haikuwa na kitu, wala ya tatu, na nilihisi macho ya watu yananichoma shingoni. Ya nne ilikuwa ya Rustam, kijana mpole kutoka kusini kabisa mwa nchi yao, kwenye jamii za wapanda farasi, mwenye meza jirani na yetu. Stepan alifunua mkunjo wa tatu akaacha. Akaingiza vidole vyake vinene katikati ya kamba, akatoa kifuko cha mchanga, akakiweka kwenye kiganja cha Rustam.

Rustam alikaa chini. Baadaye alikumbuka: Kolya alipotoka kuvuta sigara na mimi nimeinamia kamba, yeye alikiazima kwenye meza yetu kwa dakika moja tu, upepo wa mlangoni ulikuwa unainua kitambaa chake. Aliviita vitano, mwenzake akavitazama juujuu, vikawa vitano kweli.

Sasa mnataka kujua niliadhibiwaje. Stepan alinipa sindano na turubai, nikashona vifuko thelathini vipya, kila kimoja na utepe mrefu mwekundu ambao lazima uning'inie nje ya meza. Kolya alipewa kazi ya kujaza mchanga. Tulifanya wiki nzima bila kuongea, siku ya nane akaniambia mishono yangu ni mibaya, tukawa marafiki tena. Nilipokuja hospitalini hapa nilikuta wana vitambaa vya upasuaji vyenye uzi wa rangi ndani yake ili visisahaulike tumboni mwa mgonjwa, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Hesabu ya sinia nilikuwa naifanya kwa kidole, nikigusa kila mkasi. Wenzangu waliniita mzee wa kupapasa. Sikujali. Mtu aliyelala kwa dawa ya usingizi hawezi kuhesabu mwenyewe, na yule aliyetangulia kuhesabu hayumo ndani ya kidole chako. Neema, hilo ni lako, na nimelisema mbele ya watu makusudi. Jumanne umewaambia wasimamizi wako, zile sinia tatu zimerudishwa na kufunguliwa upya, na ulirudi nyumbani umenuna. Nuna tu. Mimi siku hiyo nililala usingizi mzuri.

Lakini sijamaliza siku ya brigedi.

Tulifunga upya parachuti zote kumi na mbili, na safari hii tuligusa. Hakuna aliyeimba. Tulipomaliza ilikuwa alasiri, majenerali wameondoka, bendi imeondoka, watu wamekwenda kula. Majukwaa yalikuwa matupu isipokuwa mtu mmoja mwenye kitambaa chekundu, amekaa na kikapu chake magotini. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa ameona makundi yote yakishuka, akamtafuta mwanawe katika kila moja, hakumpata, akabaki kukaa.

Stepan alikwenda kwa rubani wa helikopta, ambaye alikuwa ameshavua buti. Sikusikia walichosema. Niliona Stepan akionyesha jukwaa kwa kidole, na rubani akatazama, kisha akaanza kuvaa buti.

Tuliruka kumi na wawili. Nilikuwa wa tano, Kolya nyuma yangu, Rustam wa kwanza. Nawaambia, hakuna kitu kizuri kama ule mshtuko kifuani parachuti inapofunguka, unatazama juu unaona kitambaa kimejaa, kamba zote zimenyooka, na wewe ndiye uliyezipanga. Nilipiga kelele za furaha kwa Kiswahili. Halafu kelele zikaniisha, kwa sababu angani kule ni kimya na sauti za chini hupanda. Nilimsikia mama yule. Alikuwa amesimama juu ya benchi, mkono umenyooshwa, anatuhesabu kwa sauti, kila parachuti na kidole chake.

Rustam alifika chini wa kwanza, hatua chache kutoka kwenye jukwaa. Mama alishuka kwenye benchi, akamkimbilia, na hakutazama hata ni nani. Alimkumbatia pale pale na kamba zake zote, akamshika kichwa, na Rustam, ambaye mama yake alikuwa mbali sana, akalia begani kwake kwa sauti.

Kolya alikuja anakimbia, parachuti yake imekunjwa mikononi. Aliwaona. Akasimama hatua mbili kutoka pale, akangoja zamu yake.